Batri haikufa: namna ya kupima na kubadilisha regilateri ya alternateri kwenye kamiyo



Pengine mtajiuliza: gazeti letu linaongeaka juu ya mbegu, mbolea na viwavi vya mahindi, leo linaingia namna gani ndani ya motere ya kamiyo? Jibu ni fupi. Mahindi yakiisha kutoka shambani na kufungwa ndani ya mifuko, bado hayajakuwa feza. Yanakuwa feza yakifika Lubumbashi. Na kati ya shamba na Lubumbashi kuna kamiyo, na nyuma ya alternateri ya kamiyo kuna kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Kikiharibika hicho, na mtu akakosa kukitambua, kinaweza kula faida ya kikundi kizima.

Ninasema hivi juu nilishaona. Tena nilishakosa mimi mwenyewe.

Usiku kwenye barabara ya Kasenga

Msimu mmoja wa mavuno, mwezi wa sita, koperative moja ninayofanya nayo kazi ilipakia mahindi kwenye kamiyo yake, Mercedes ya zamani, upande wa Kasenga, kama kilomita 200 kutoka Lubumbashi. Mwenye kinu cha bunga mjini alikuwa anangojea siku ya posho asubui. Alisema wazi kwamba ikipita saa sita atachukua mahindi yanayoingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Bei ilikuwa imeisha kukubaliwa.

Mbele ya safari ile, taa nyekundu ya batri ilikuwa inawaka na kuzimika karibu wiki mbili. Shoferi aliniambia: «Yaya, hizi batri zilikufa. Inapashwa kuleta za mupya.» Mimi ndiye niliyekuwa ninashugulikia usafirishaji, na mimi ndiye niliyeweka sahihi kwenye karatasi ya kutoa feza. Hatukupima kitu. Tulinunua batri mbili mpya, zile za zamani tukaziweka kwenye kona ya depo. Motere ikaitika mara moja, kila mtu akafurahi.

Furaha ile ilidumu siku tatu. Usiku wa kuamkia posho, njiani, taa za mbele zilianza kuwa za manjano sawa taa ya petroli. Honi ikakosa sauti. Shoferi hakuona tena mashimo ya barabara, akasimama pembeni kwa kuogopa kupindua mzigo. Akafanya kosa la pili: akazima motere. Alipozungusha ufunguo tena, kilisikika kitu kimoja tu, «tak». Wote munajua baridi ya mwezi wa sita kwetu. Wapakizi walilala juu ya mifuko, na asubui kamiyo nyingine ilipopita ndipo wakaazima moto. Walifika mjini posho mangaribi. Mwenye kinu alikuwa ameisha kununua.

Mahindi yaliuzishwa kidogo kidogo sokoni, kwa bei ya wapita-njia. Katika mkutano, mama mmoja mwanamemba alisimama akauliza mbele ya watu wote: «Feza ya batri ilienda wapi, kama kamiyo ililala tu njiani?» Sikuwa na jibu. Neno lile liliniuma kuliko hasara yenyewe, juu lilikuwa swali la haki.

Siku ile ile ya kwanza ya juma tuliipeleka kamiyo kwa muzee mmoja wa Katuba, fundi wa umeme wa magari makubwa. Hakugusa batri. Alichukua miltimetri yake, akaweka nyaya mbili, akaangalia, akacheka kidogo. «Mwana yangu, batri ni ndoo tu. Kama mayi haitoke ku robine, utabadirisha ndoo ngapi?»

Somo hili ni lile alilotuonyesha siku ile, na yale tuliyojifunza nyuma yake.

Alternateri inafanya nini, na regilateri inafanya nini

Motere ikizunguka, mkanda unazungusha alternateri. Ndani ya alternateri kuna rota, ambayo ni sumaku. Lakini si sumaku ya siku zote: inakuwa sumaku tu kama umeme kidogo umeingia ndani yake. Umeme huo unaipitia kwa vijiti viwili vya makala ambavyo mafundi wanaviita sharbo, vinavyosugua juu ya pete mbili za shaba. Rota ikizunguka na nguvu ya sumaku, waya zilizoizunguka, yaani stata, zinatoa umeme. Diodi zinaunyoosha umeme ule uende upande mmoja tu, ginsi batri inavyoupenda.

Sasa, motere haizunguke sawasawa kila saa. Kwenye mlima inalia, kwenye foleni inanong'ona. Bila mtu wa kusimamia, umeme ungepanda na kushuka pamoja nayo. Msimamizi ndiye regilateri. Kazi yake ni sawa na ya mtu anayesimama kwenye mfereji wa bustani na jembe mkononi: maji yakizidi anaziba kidogo, yakipunguka anafungua. Regilateri inapima volti, halafu inaongeza au kupunguza umeme unaoingia kwenye rota. Inafanya hivyo mara nyingi sana kwa sekunde moja.

Kamiyo kubwa zinatumia volti 24, yaani batri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Ili umeme uingie ndani ya batri, alternateri inapashwa kusukuma kwa nguvu kupita ile ya batri yenyewe. Ndiyo maana regilateri nzuri inashika karibu volti 28. Si 24. Kosa hili liko kwa watu wengi: wanaona miltimetri inaonyesha 24 motere ikizunguka, wanasema «iko bien, ni 24». Haiko bien. Kamiyo ile inakula batri yake.

Wazee waliofanya kazi ya magari zamani watakumbuka dinamo na kisanduku cheusi cha regilateri kilichofungwa mbali, chenye vipande vinavyofunguka na kufunga. Kile kilifunguliwa, kikasuguliwa, kikarekebishwa na bisibisi. Regilateri za leo ni za elektroniki, zimezibwa. Hazitengenezwi. Zinabadilishwa.

Dalili ziko za namna mbili

Watu wengi wanajua ile ya kwanza: umeme kidogo. Taa zinafifia, demareri inavuta kwa uvivu, taa nyekundu inawaka kidogo hata motere ikizunguka.

Ya pili watu hawaiwazii, na ndiyo mbaya zaidi: umeme mwingi. Regilateri imekwama upande wa wazi, alternateri inatoa bila kipimo. Ampuli zinaungua kila juma. Batri zinachemka, zinakula maji, zinanuka sawa mayai yaliyooza, na juu yake kunatokea unyevu na unga mweupe. Mtu akisema «hizi ampuli za siku hizi haziko nguvu», mbele ya kulaumu ampuli apime volti. Batri inayochemka inatoa hewa inayoshika moto. Sigara au cheche ya ufunguo karibu yake inaweza kuipasua na kumwagia mtu asidi ya macho.

Pima mbele ya kufungua

Hapa tukae kidogo, juu hapa ndipo feza inapookolewa. Miltimetri ndogo ya sokoni inatosha. Koperative yenye kamiyo na isiyokuwa na miltimetri ni sawa na mwenye kuuzisha mahindi bila mizani.

Anza na macho na mikono, motere ikiwa imezimwa. Mkanda uko? Umelegea? Ubonyeze katikati kwa kidole gumba: ukishuka sana, au ukiwa umeng'aa sawa kioo, pengine unateleza tu na alternateri haizunguke vizuri. Vichwa vya batri vimekazwa? Kama kuna unga mweupe au wa kijani, toa, sugua, kaza. Angalia pia waya nene ya masi inayoenda kwenye shasi. Ninawaambia kweli: regilateri zingine zinazotupwa hazikuwa na ubaya, ubaya ulikuwa kwenye waya ya masi iliyooza.

Sasa miltimetri, kwenye volti za umeme wa batri. Motere imelala tangu saa nyingi: batri mbili pamoja zikijaa zinaonyesha kama 25,2 hadi 25,6. Zikiwa 24,4 zimebaki nusu. Chini ya 24 ni karibu tupu. Pima tena kila batri peke yake. Zinapashwa kufanana. Kama moja iko 12,6 na ingine 12,1, kuna neno, tutalirudilia hapo chini.

Washa motere, panda hadi kama mizunguko 1500. Pima palepale kwenye batri. Kati ya 27,5 na 28,8, regilateri inafanya kazi. Ikipanda 29, 30 na kuendelea kupanda, regilateri imekwama wazi: zima. Ikibaki palepale ilipokuwa motere ikilala, alternateri haitoe kitu. Halafu washa taa zote na ventilateri, pima tena. Inaweza kushuka kidogo, lakini ikishuka chini ya 26,5 na kubaki huko, alternateri haina nguvu.

Bado usifungue. Peleka waya ya miltimetri nyuma ya alternateri, kwenye boloti kubwa iliyoandikwa B+, na ingine kwenye mwili wa alternateri. Kama pale kuna 28 na kwenye batri kuna 26, umeme unazalishwa vizuri lakini unapotea njiani. Ubaya ni wa waya au wa mahali inapofungwa. Ukibadilisha regilateri utakuwa umetupa feza bure.

Tena kuna jambo la ampuli. Geuza kontakti bila kuwasha motere: taa nyekundu ya batri inapashwa kuwaka. Kama haiwake, usiseme «muzuri, hakuna shida». Kwenye alternateri nyingi za zamani, umeme wa kwanza wa kuamsha rota unapita ndani ya ampuli ile. Ampuli ikiungua, au waya ya D+ ikikatika, alternateri inabaki kulala hata ikiwa nzima. Nilishaona kamiyo iliyobadilishiwa regilateri mara mbili kwa sababu ya ampuli ndogo ya tablo.

Ya mwisho ni ya bisibisi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote juu haiombi chombo. Kontakti ikiwa wazi, motere imelala, karibisha ncha ya bisibisi ya chuma kwenye boli la nyuma ya alternateri, pale ekseli ya rota inapoishia. Ikivutwa, rota inapata umeme. Isipovutwa, umeme haufike: ni ampuli, ni waya, ni sharbo zilizoisha, au ni regilateri. Angalia tu kwamba hakuna mtu ndani ya kabini anayeweza kuwasha motere wakati mkono wako uko pale.

Kwa kamiyo yetu, siku ile, miltimetri ilionyesha 24,1 motere ikizunguka. Ampuli ya taa nyekundu ilikuwa nzima, waya zilikuwa nzima, bisibisi haikuvutwa. Basi muzee akasema: «Sasa njo tunaweza kufungula.»

Radio ya shoferi

Nilisema tutarudilia batri zisizofanana. Mashoferi wetu wanapenda muziki, na radio nyingi ni za volti 12. Wanafanya nini? Wanachukua umeme kwenye batri moja tu, ile ya upande wa masi. Radio, chaja ya simu, pengine na taa ya mapambo. Batri ile inachoka kila siku, mwenzake haichoke. Alternateri inazichaji zote mbili kama ni kitu kimoja, basi inayochoka haijae kamwe na isiyochoka inajaa kupita kipimo hadi inachemka. Regilateri haiwezi kujua. Inaona 28 tu. Kama munataka muziki, nunueni kipunguza-volti cha 24 kwenda 12. Na mukibadilisha batri, badilisheni zote mbili siku moja, za aina moja.

Kununua kipande

Kwenda kununua bila kubeba kipande cha zamani ni kwenda kubahatisha. Chukua kile cha zamani mkononi, na uandike namba zilizo kwenye kibandiko cha alternateri. Kwenye maduka ya piesi utaona regilateri zinazofanana sawa mapacha, sharbo zile zile, matundu ya visi yale yale. Moja imeandikwa 28V, ingine 14V. Ya 14V ni ya gari ndogo. Ukiifunga kwenye kamiyo ya volti 24, inaona kwamba volti zimeisha kupita kipimo chake, haifungue umeme wa rota hata kidogo, na pengine inaungua. Soma maandishi. Usikubali tu neno la muuzaji, «papa, hii ni ya orijine», kama namba hazifanane.

Na ujue kamiyo yako. Kwenye alternateri za Bosch zilizo kwenye Mercedes nyingi za zamani, regilateri na kishikio cha sharbo ni kipande kimoja kilichofungwa nyuma na visi viwili. Kazi hiyo mnaweza kuifanya wenyewe uani. Lakini kwenye nyingi za Kijapani, sawa za Fuso, regilateri iko ndani: inapashwa kufungua alternateri yote, pengine na kuyeyusha risasi kwenye maungio. Hapo mpeni fundi, na mmoja wenu akae karibu aangalie.

Kazi yenyewe

Weka kamiyo mahali pa sawa, vuta breki, weka mawe kwenye magurudumu, toa ufunguo wa kontakti na mtu aukae nao mfukoni. Toa saa na pete za mkono. Kisha fungua waya ya masi kwenye batri, hiyo ya kwanza mbele ya zote. Juu ya nini ya kwanza? Juu B+ ya alternateri iko na umeme wa batri saa zote, hata kontakti ikifungwa. Ufunguo wako ukigusa B+ na mwili wa motere pamoja, utaona moto na waya inaweza kuwaka.

Pangusa alternateri kwa brosi kavu. Udongo wetu mwekundu unaingia kila fasi, na mchanga ukiangukia kwenye pete za shaba utakula sharbo mpya ndani ya muda mfupi. Chora kwenye karatasi waya gani iko wapi, au piga picha na simu. Toa waya ndogo inayoenda kwenye regilateri. Fungua visi viwili kidogo kidogo, kimoja na kingine, halafu vuta kishikio kwa kukilaza. Usitumie nguvu, sharbo zinavunjika.

Angalia ulichokitoa. Sharbo iliyo mpya inatokeza zaidi ya sentimita moja. Ikibaki milimita 5 au chini, imeisha, na kama regilateri inauzishwa pamoja na sharbo zake, badilisha yote. Kwenye kipande chetu, sharbo moja ilikuwa imebaki kama milimita 3 na nyingine ilikuwa imekwama ndani ya nyumba yake kwa vumbi na mafuta. Taa nyekundu iliyokuwa inawaka na kuzimika wiki mbili, ilikuwa ni sharbo ile inayogusa na kuachia. Ilituambia mapema kabisa, hatukuisikia.

Chungulia ndani ya tundu kwa tochi. Pete mbili zinapashwa kuwa laini, rangi ya kahawia. Zikiwa nyeusi, zipanguse kwa kitambaa kikavu, au kwa karatasi laini ya msasa, ukizungusha rota kwa mkono. Zikiwa na mfereji mkubwa, regilateri mpya haitadumu: alternateri iende kwa fundi. Ukiwa na miltimetri, pima kati ya pete na pete kwenye ohm: ohm chache ni vizuri, bila mpito kabisa rota imekatika, sifuri kabisa imeungana. Kati ya pete na mwili wa alternateri kusipite kitu.

Sukuma sharbo mpya kwa kidole uone kama zinarudi zenyewe. Ingiza kishikio kwa kukilaza, sharbo zikae juu ya pete, kaza visi kwa kiasi, juu mwili ni wa aluminiamu na uzi wake unakufa haraka. Rudisha waya ndogo. Masi ya batri inarudi ya mwisho.

Washa, panda mizunguko 1500, pima. Sisi tulipata 28,2. Acha izunguke dakika kumi, washa taa zote, pima tena ikiwa na joto. Muzee hakuchukua hata nusu saa.

Mambo yanayoua regilateri mpya

Usitoe kamwe kichwa cha batri motere ikizunguka. Watu wanafanya hivyo ili «kujaribu alternateri»: ikiendelea kuzunguka wanasema iko nzima. Ile ilikuwa ya dinamo. Kwenye alternateri, ukitoa batri, volti zinaruka juu kwa nguvu na zinaua regilateri na diodi mara moja.

Usigeuze batri, hata kidogo, hata kwa kugusa tu. Wakati wa kuazima moto, 24 na 24, jumlisha kwa jumlisha. Ukitaka kuchoma shasi na posti ya kulehemu, toa vichwa vya batri na waya za alternateri mbele. Usioshe motere kwa maji ya nguvu yakielekea alternateri.

Tena kuna mafundi wa njiani wanaoruka regilateri kwa waya, wanapeleka umeme wa batri moja kwa moja kwenye rota. Taa zinang'aa, shoferi anashukuru, analipa. Lakini sasa alternateri haina msimamizi. Mbele ya kufika, ampuli zote zimeungua na batri zinatoa moshi.

Ikikukuta njiani

Taa nyekundu ikiwaka mchana kwenye safari, angalia mbele ya yote kama mkanda umekatika. Kwenye motere nyingi mkanda ule ule unazungusha pampu ya maji: ukikatika, simama, motere itapika. Mkanda ukiwa mzima, na motere ni ya zamani yenye pampu ya mazuti isiyo ya elektroniki, inaweza kuendelea bila alternateri. Zima radio, ventilateri na kila kitu, usizime motere, fika mahali pazuri mbele ya jua kuzama. Usiku, bila taa, usiendelee hata kama mnunuzi anangojea. Kamiyo mpya zenye kompyuta haziwezi kwenda mbali: volti zikishuka sana, motere inazimika yenyewe.

Ukurasa mmoja wa daftari

Tangu siku ile, kamiyo ina daftari. Kila siku ya posho shoferi anaandika tarakimu tatu: volti asubui motere ikilala, volti motere ikizunguka, volti taa zote zikiwaka. Dakika tano tu. Mwandishi wa koperative anaweka sahihi. Namba zikitoka 28,2 kwenda 27,9, kisha 27,3, tunajua pengine sharbo zinaelekea kuisha, na tunanunua wakati wa mvua, kamiyo ikiwa haina mzigo mwingi, si mwezi wa sita. Na shoferi akisema «batri ilikufa», hakuna feza inayotoka mbele ya ukurasa ule kusomwa. Shoferi wetu mwanzoni alichukia, aliona tunamshuku. Sasa ndiye anayetuonyesha daftari mbele ya kuulizwa, juu limemkinga: siku ampuli zilipoungua tena, namba zake zilionyesha kwamba kosa halikuwa lake.

Tulimwonyesha yule mama namba zile, na sharbo ya milimita 3, katika mkutano uliofuata. Aliishika, akaizungusha kwenye vidole, akauliza bei yake. Tukamwambia. Akauliza bei ya batri mbili. Tukamwambia pia. Hakusema neno, alipitisha sharbo kwa jirani yake, nayo ikazunguka chumba chote.

Neno dogo juu ya batri za zamani. Ndani kuna risasi na asidi, vyote ni sumu. Usimwage asidi shambani wala karibu na kisima, usiwaachie watoto, usiyeyushe risasi nyumbani. Na mbele ya kuzitoa, zichajishe polepole usiku mzima na uzipime siku inayofuata. Zile mbili tulizozitupa kwenye kona ya depo, tulizichajisha hivyo. Moja haikurudi, ilikuwa imekaa tupu siku nyingi mno. Ingine ilisimama kwenye 12,5, na mpaka leo ndiyo inayowasha taa ya depo tunapopima mahindi usiku.